Shati la Bharat Halijafuliwa

Poli, Meru,
S.L.P. Usa River,
Tanganyika.
Jumapili, 20 Juni 1954

Mpendwa mdogo wangu Mikaeli,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu barua yako ya safari hii haikuwa na shikamoo hata moja, wala kwangu wala kwa Mama, na mimi dada yako siwezi kuanza kuandika bila salamu yangu. Nimeichukua mwenyewe.

U hali gani huko Bristol? Kile kikohozi ulichokitaja wakati wa Pasaka kimekwisha, au bado kinakusumbua? Unakula? Huku sisi tu wazima, kwa uzima wa watu waliofiwa. Baridi ya Juni unaijua. Mlima umejifunika ukungu tangu wiki iliyopita, na Mama hatoki jikoni, anakaa karibu na moto mchana kutwa akichambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Mdogo wetu Hanna ameanza kuchuma kahawa ya kwanza kule juu. Ng'ombe yule mwenye doa amezaa ndama jike.

Barua yako ilifika Ijumaa. Mama alitaka nimsomee kwa sauti, nami nikamsomea mpaka pale unaposema kwamba hutarudi. Hapo nilikohoa, nikaruka mistari, nikamalizia na salamu ambazo hukuziandika. Kwa hiyo Mama hajui. Ninayejua ni mimi peke yangu, na maneno yale nimetembea nayo hata leo kanisani sikusikia mahubiri.

Unasema mtoto aliyekosa baraka ya baba yake hana alichokiacha nyumbani cha kukirudia, na kwamba ni heri utafute kazi hukohuko. Unasema huna uso wa kututazama nao. Mikaeli, mimi nilikubeba mgongoni kabla hujajua kutembea. Uso wako naujua vizuri kuliko wewe, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaikunja. Telegramu ilikuambia Baba amefariki tu. Telegramu haina nafasi ya mambo mengine, na mambo mengine ndiyo makubwa.

Baba alipozidiwa mwezi wa Aprili tulikuita, nawe ukajibu kwamba meli ilikwisha kuondoka Uingereza lakini utaiwahi Marseilles, Ufaransa, kwa treni ya kutoka London. Siku ile alituambia tumhamishie kitanda sebuleni, kielekee mlangoni. Hakutuambia kwa nini, na hakuna aliyemwuliza. Mama alimwekea mto wa ziada ili aone njia ya migombani mpaka pale inapokata kona.

Kila siku aliuliza umefika wapi. Hanna alikuwa akimdanganya kidogo, akikusogeza mbele kuliko treni yoyote inavyoweza kwenda. Baba alikuwa akiweka maneno yake tayari. Unajua desturi yetu, mzee akiona siku zake zimekaribia huwaita watoto wake mmoja mmoja, akanywa maziwa kidogo na kuwatemea baraka kifuani. Mimi alinipa yangu, Hanna akapewa yake. Yako hakutaka kumpa mtu mwingine aishike. Alisema mdomo wake utaisubiri.

Kisha ikaja telegramu yako ya pili. Nimekosa treni, meli imeondoka, nisameheni. Basi. Hakuna sababu, hakuna neno jingine.

Sitakuficha kilichosemwa. Baba mdogo Lerionka alisimama uani akasema, ili na majirani wasikie, kwamba kijana wetu amepotea kwenye madirisha ya maduka ya Wazungu akitazama viatu. Mama akaingia ndani akafunga mlango. Mimi nilikukasirikia, Mikaeli.  Baba aligeuza uso ukutani, na siku ile hakutaka mto wa ziada.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Siku ya soko la Tengeru, mchana, tulisikia gari dogo likinguruma kwenye matope pale chini, likakwama, wakashuka watu wawili wakapanda kwa miguu. Walikuwa Bharat, mwana mkubwa wa Mzee Prakash wa Maji ya Chai, na mkewe Pramila. Pramila alikuwa ameshika viatu mkononi, na pindo la nguo yake limejaa udongo wetu mwekundu.

Wewe unajua maana ya watu wale kukanyaga uwanja wetu. Baba alikuwa hajamsalimu Prakash tangu alipojenga ghala lake juu ya mfereji wetu, maji yakakatika na migomba ya shamba la chini ikakauka yote. Sisi sote tulikua tukikatazwa kumwamkia. Unakumbuka tulivyokuwa tukipita mbele ya duka lake tunarudi shule, tunageuza vichwa kutazama mlima, hata siku ambazo mlima wenyewe hauonekani. Wewe ulikuwa unageuza mpaka shingo inauma.

Mama alitaka kuwazuia mlangoni. Lakini Pramila akanyoosha mkono, na mkononi mlikuwa na jani la sale, limefungwa fundo kama inavyotakiwa. Mtu akikujia na sale anakuomba msamaha, na mwenye nyumba hawezi kumfukuza. Wanawake wa sokoni ndio waliomfundisha. Walimwambia asithubutu kupanda kwa mzee Ndesanjo mikono mitupu. Ila hawakumwambia alichume wapi, naye njiani hakuliona, basi akalichuma kwenye mpaka wa shamba letu wenyewe, lile ambalo Babu alilipanda na halikatwi na mtu. Mama akalitambua hapohapo. Akasema, "Mama weee, umekata mpaka wetu kutuomba radhi."

Baba alisikia kutoka kitandani. Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo chenye kikohozi ndani yake, lakini tulikuwa hatujakisikia tangu Pasaka. Akasema waingie.

Bharat akamwamkia kwa Kimeru, kwa heshima zote, na Baba akaitika. Amezaliwa pale Maji ya Chai, lugha yetu anaijua kuliko vijana wengine wa misheni. Kisha akaketi kwenye kigoda, akaeleza kwa Kiswahili ili na mkewe afuate. Alisema habari zimewafikia kutoka kwa mdogo wake, Madhu, anayeishi Uingereza. Baba yao Prakash alikwenda kumtembelea. Madhu alikuwa akimngoja stesheni inayoitwa Euston, lakini dereva wa teksi hakuelewa akampeleka Paddington. Mzee wa watu akakaa juu ya sanduku lake tangu asubuhi. Kiingereza hajui. Alijaribu Kigujarati, alijaribu Kipunjabi cha kuokoteza, mwishowe akawa anajisemea peke yake kwa Kiswahili, "Mungu wangu, nimepotea mimi, nimepotea."

Halafu, Bharat akasema, kijana mmoja mweusi akatoka kwenye treni na mkoba wake, akapita mbio, akasimama, akarudi. Akasema, "Shikamoo, baba."

Hapo Mama alikaa chini.

Bharat akaendelea kwamba mzee alimshika yule kijana mkono na hakuuachia. Kijana akamwambia kwamba anakimbilia treni yake stesheni nyingine, na muda ni mdogo, na baba yake anaumwa. Mzee akamwuliza wewe ni mtoto wa nani. Kijana akasema mimi ni Mikaeli wa Ndesanjo wa Poli. Mzee alipolisikia jina hilo aliuachia mkono mwenyewe. Akamwambia nenda, mwanangu, nenda kwa baba yako. Lakini kijana alikuwa amekwisha kuliinua sanduku begani.

Ndivyo tulivyojua, Mikaeli. Wewe hukutuandikia hata neno. Nafikiri naelewa. Ungemwambiaje mgonjwa kwamba umemkosa kwa ajili ya Prakash? Uliona ni afadhali tukuite mzembe. Nakasirika tena nikifikiria hilo, lakini safari hii hasira yenyewe ni ya namna nyingine.

Baba akauliza kitu ambacho hatukukitegemea. Akauliza kwa nini mji mmoja uwe na stesheni nyingi. Yeye anaijua ya Arusha, ambapo ukishuka umefika, maana reli yenyewe imeishia pale. Bharat akajaribu kueleza. Baba akasema, nionyeshe.

Hanna akaleta mahindi machache kwenye ungo. Bharat akaweka punje moja kwenye blanketi la Baba, akasema hii ni Paddington, hapa ndipo Mikaeli alipofikia. Akaweka nyingine upande wa chini, akasema hii ni Victoria, treni ya kwenda kwenye meli inatokea hapa. Akaweka ya tatu upande mwingine kabisa, hii ni Euston, Madhu alikuwa hapa. Baba akauliza kuna umbali gani. Kama Ngaramtoni na Moshono? Bharat akasema ni pungufu sana, lakini nyumba zimejaa njia nzima na magari hayaendi.

Baba akaweka kidole kwenye punje ya kwanza. Akakiburuta polepole mpaka Victoria, akasema, "Njia yangu hii." Akakirudisha. Akakiburuta mpaka Euston, akasema, "Njia ya Prakash hii." Kisha akakirudisha tena kwenye ile ya kwanza, akakiacha pale. Kidole chake kilikuwa kimekonda sana. Akasema, "Hapa ndipo aliposimama."

Sisi tulidhani atakasirika. Nakuambia kweli, mimi nilikuwa naogopa atakulaani palepale mbele ya wageni. Bharat naye alikuwa anaogopa, maana alianza kusema kwamba baba yake amelia sana, kwamba Madhu alikupeleka Victoria kwa gari lake lakini njia zilikuwa zimefungana na mkakuta treni imekwenda, kwamba wao wako tayari kwa lolote. Baba akainua mkono anyamaze.

Akauliza, "Alisema shikamoo?"

Bharat akasema, "Ndiyo, mzee."

"Na baba yako akaitika?"

"Akaitika."

Baba akasema mtoto wake amefanya jambo ambalo yeye mwenyewe lilimshinda, tena katika nchi ya watu. Alilisema polepole, kwa Kimeru, akimtazama Mama. Sikuwahi kumsikia Baba akisema limemshinda jambo. Kisha akaomba maziwa.

Nikamletea katika kibuyu chake kile cha shingo nyembamba. Nilifikiri ana kiu. Akanywa kidogo, akamwita Bharat asogee, akamwambia afungue vifungo vya shati. Mikaeli, Bharat unamjua alivyo msafi, mtu wa kunawa mikono kila akipokea mzigo. Alisogea, akapiga magoti kando ya kitanda, akafumba macho, akatulia. Baba akamtemea baraka kifuani kama alivyotutemea sisi, na maziwa yakamtiririkia mpaka kwenye shati.

Halafu akasema, "Hii si yako. Ni ya Mikaeli. Mtunzie."

Bharat akauliza atakupaje, yeye si Mmeru, hajui inavyofanywa. Baba akasema, "Akija, salimianeni. Itapita yenyewe."

Mchungaji asisikie habari hii, au asikie, mimi sijali. Yeye alikuja kesho yake na Chakula cha Bwana, Baba akapokea kwa furaha, na baada ya hapo hakuomba tena kitu. Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, Mama akiwa anamlisha uji. Kitanda kilikuwa bado kinaelekea mlangoni. Hakuteseka.

Tulimzika mgombani, upande wa Babu. Watu walijaa mpaka kwa jirani, tarumbeta za usharika zilipigwa, na wimbo wa mwisho ulikuwa ule alioupenda. Udongo wako nilikutupia mimi. Nilisema jina lako kwa sauti ili Baba mdogo Lerionka asikie, naye akasikia, akatazama chini. Baadaye alikuja jikoni kuniambia kwamba yale maneno ya viatu yalimtoka tu. Nikamwambia akuandikie mwenyewe. Sidhani kama ataandika, ila amekutengea mti wa mwerezi wa kutengenezea mlango wa nyumba yako.

Bharat alifunga duka siku ya maziko, akaja na nyumba yake yote. Walisimama pembeni wakiwa na miavuli yao, hawajui pa kukaa, mpaka Mama alipowafuata akawaketisha kwenye benchi la ndugu. Usidhani malaika wameshuka huku. Mfereji bado umekatwa, ghala bado liko palepale, na migomba ya shamba la chini imekufa siku nyingi. Lakini sasa nikipita Maji ya Chai sitazami tena mlima. Nasimama, nasalimu, nasalimiwa, na Pramila hanikubalii kuondoka bila chai.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu leo badala ya kupumzika. Unasema umekosa baraka. Hukuikosa, Mikaeli. Iko Maji ya Chai, anayo mtu, na mtu mwenyewe inamwelemea.

Bharat anakuja hapa kila Jumapili baada ya ibada. Anaketi na Mama, anamwulizia hali, kisha anauliza kama umeandika siku ya kufika. Leo amekuja tena, nami nikashindwa kumtazama usoni. Shati lile Pramila hajalifua. Amelikunja likiwa vilevile, doa la maziwa limekauka kifuani, ameliweka kabatini pamoja na vitu vyao vya ibada. Mimi nilimwambia kwa desturi zetu shati halina kazi. Akasema hajui kipi kina kazi na kipi hakina, kwa hiyo anatunza vyote.

Na kuna jingine. Dada yao mdogo, Nirmala, aliye mjini Arusha, anaolewa Bombay. Bharat ndiye wa kumkabidhi kwa kuwa baba yao yuko Ulaya na afya yake haimruhusu safari nyingine ndefu. Meli ilikuwa mwezi ujao. Bharat amekataa kupanda. Mkewe amemsema, wazee wa hekalu lao mjini wamemsema, ndugu wa bwana harusi wameandika kwa ukali, naye jibu lake ni moja tu. Leo alilirudia kwangu mimi mwenyewe hapa uani, akiwa ameshika kofia yake mkononi. Alisema, "Dada Ruth, nimebeba kitu cha watu. Nikizama nacho baharini, mzee nitamwambia nini?"

Kwa hiyo yuko binti Mhindi mjini Arusha, nguo zake za harusi zimekunjwa kwenye sanduku, anakusubiri wewe. Hakujui, humjui. Anauliza tu kama kijana wa Ndesanjo amepata meli. Ukibaki huko kutafuta kazi yako, nakuomba basi umwandikie yeye umweleze, maana mimi sitaweza.

Nimekaa nikalifikiri hili la Baba. Angeweza kunipa mimi nikutunzie. Angeweza kumpa Mama. Sisi tungekutumia hata kwa maneno ya barua, na wewe ungeipokea hukohuko na usingerudi. Akampa mtu ambaye ni lazima uje umwamkie kwa mdomo wako. Mgonjwa yule alikuwa anakujua, mdogo wangu.

Mama anakusalimu. Anasema kitanda chako kimepigwa jua. Hanna anakuamkia, na anasema ndama amempa jina la treni, jina gani hataki niandike. Baba mdogo Lerionka anakusalimu akitazama chini. Bharat na Pramila wanakusalimu sana, na Nirmala naye, ingawa kwa aibu. Ukimwona Mzee Prakash huko, mwamkie kwa niaba ya nyumba yetu yote. Mwambie Ndesanjo aliitika.

Kwa kawaida hapa ningekuandikia baraka, lakini yangu ni ndogo na yako kubwa unajua ilipo. Mungu akulinde njiani tu. Safari hii utakapovuka London kwenda Victoria, ondoka mapema sana. Na ukimkuta mzee amekaa juu ya sanduku lake, mwamkie.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Ruth